Nani kawafunza kupanda mikoko baharini?

Kwa mliobaki Pwani ya Kenya, huenda mmeshazoea. Anayerudi Pwani baada ya miaka ya kazi Ghuba hashtuliwi na bei ya unga wala maghorofa ya Nyali. Hayo simu ilishamwonyesha. Kinachomshtua ni vijiti. Maji yakipwa, kwenye tope tupu mbele ya msitu, pale palipokuwa pa kina mama kuokota kombe na wavuvi kuchimba chambo, pamechomekwa mbegu za mkoko kwa maelfu, safu baada ya safu, kama gwaride la askari. Nyingi zimekufa. Pembeni kuna kibao: tarehe, idadi ya miche, nembo za wafadhili, jina la mheshimiwa aliyezindua. Kibao kimetiwa saruji, hakiendi popote.

Nchi yenyewe mnaijua ilivyo. Bunge lilivamiwa na waandamanaji Juni 25, 2024, Mswada wa Fedha ukatupwa kesho yake, baraza la mawaziri likavunjwa Julai 11, na mwaka uliofuata vijana wakarudi barabarani Juni 25 na tena Saba Saba, Julai 7. Sasa kila mwenye ndimi mbili anautazama uchaguzi wa 2027. Katikati ya vurumai hilo kuna ahadi ya kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032, na ahadi ya ukubwa huo inahesabu kilichopandwa, haihesabu kilichoishi. Marufuku ya kukata miti iliondolewa Julai 2023. Novemba mwaka huohuo tukapewa sikukuu ya kupanda. Cheka ukitaka. Mkoko nao umekuwa mti mtamu wa siasa. Mbegu yake haihitaji kitalu: unaokota, unachomeka, watu hamsini wanamaliza maelfu kabla ya chakula cha mchana. Na hakuna atakayegombana nawe kwa shamba, maana tope la maji kupwa halina hatimiliki.

Hata saa inawasaidia kukosea. Mheshimiwa hufika saa nne, saa tano asubuhi. Mombasa, siku za bamvua, yaani za mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji yanapojaa na kupwa sana, ndio wakati maji yamepwa kabisa. Sikukuu ya Novemba 13, 2023 iliangukia mwezi mwandamo wenyewe. Ile ya Mei 10, 2024 ilikuja siku mbili baada ya mwandamo. Bamvua zote mbili. Mgeni wa bara anaona uwanja mpana mtupu na kujiuliza kwa nini watu wa Pwani ni wavivu hata hawajapanda kitu hapa. Hajui kwamba ikifika saa kumi alasiri, pale aliposimama na buti zake patakuwa na maji ya kumpita kichwa. Bamvua ya kwetu hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu.

Mikoko haiishi ndani ya bahari. Inaishi pale bahari inapofika na kuondoka, na mpaka wake wa chini ni usawa wa kati wa maji, pengine juu yake kidogo. Ukishuka hapo, mche unakaa chini ya maji saa nyingi mno kwa siku. Mizizi inakosa hewa. Chaza wachanga na magamba meupe yale yanayokata miguu huganda kwenye shina mpaka linalemewa na kulala, wimbi linamaliza kazi. Hila iko kwenye mbegu yenyewe: ile fimbo ndefu ya kijani ina akiba ya chakula ndani yake, kwa hiyo itatoa majani mawili, hata manne, mahali popote utakapoichomeka, hata pasipofaa. Ripoti ya miezi mitatu inakuja na picha nzuri, mfadhili anafurahi, awamu ya pili inatolewa. Akiba ikiisha, mche unakufa, na kufikia hapo hakuna anayekuja kutazama. Isitoshe mara nyingi wamepanda juu ya nyasi za bahari, malisho ya kasa na nguva na maficho ya samaki wachanga. Wameharibu kilichokuwepo ili wapande kisichoishi.

Kwa hiyo kabla ya kuokota hata mbegu moja, ulizeni kwa nini pale hapana miti. Kama hapajawahi kuwa na miti tangu babu zenu, paacheni. Kama kuna visiki, palikuwa na msitu, na hapo pana kazi. Pimeni mraba wa mita kumi kwa kumi kwa kamba, hesabuni miche iliyojiotea. Ikifika mia na imetawanyika vizuri, yaani mmoja kwa kila mita mraba, msipande chochote, lindeni. Najua kulinda hakuna picha.

Usawa wa ardhi hauhitaji injinia. Chukueni mpira wa maji wa fundi wa nyumba, ule unaoonekana ndani, mita ishirini hivi. Ujazeni taratibu upande mmoja mpaka mapovu yote yatoke. Povu moja likibaki kipimo kinawadanganya. Maji yakipwa, tafuteni miti michanga ya asili iliyo mbali zaidi upande wa bahari. Michanga, nimesema: mti mkubwa huenda uliota zamani, kisha mchanga wa chini yake ukachukuliwa, ukabaki umesimama pa chini kuliko pale ulipozaliwa. Wekeni kijiti cha alama usawa wa ardhi kwenye shina la mche wa chini kabisa, mpeleke usawa ule kwa mpira (maji ya ncha zake mbili hukaa usawa mmoja) hadi mahali mnapotaka kupanda. Ardhi ikiwa chini ya alama, hata kwa shubiri moja tu, ondokeni. Shubiri moja kwenye tope tambarare ni mita nyingi za mteremko, na ndiyo inayotenganisha msitu na makaburi yale ya vijiti.

Jambo la pili ni aina. Kenya tuna aina tisa, na kila mmoja una mahali pake. Ukitoka baharini unaanza na mlilana, pengine na mchu. Kisha mkoko wenyewe wenye mizizi ya matao. Halafu muia, mkandaa, na nyuma kabisa mchu unarudi tena pamoja na kikandaa, kwenye ardhi ya chumvi kali. Kwenye mistari ya wafadhili yote ni mkoko, kwa sababu mbegu yake ni rahisi kushika. Mstari wa mbele unaopigwa na wimbi ni wa mlilana, na mlilana una kazi: lowekeni tunda lioze, mbegu ndogo zitoke, ziote kitaluni mahali panapofikiwa na maji ya bahari, kisha miche ihamishwe na udongo wake. Mbegu za mchu nazo ziloweshwe mpaka ganda litoke lenyewe, ziwekwe juu ya udongo wa mfuko bila kufukiwa, ukifukia zinaoza.

Mbegu ya mkoko iliyokomaa ina pete ya rangi ya manjano pale inapokutana na tunda. Isiyo na pete haijaiva, msiinyofoe mtini. Kataeni iliyotobolewa na wadudu. Ichomekeni thuluthi moja ya urefu, ncha iliyochongoka chini. Kwa nafasi ya mita moja kwa moja mtahitaji 10,000 kwa hekta. Wapo wanaoziingiza kichwa chini, na watu wanapiga makofi. Upande wa nchi kavu adui ni kaa, hutafuna mbegu mbichi usiku mmoja. Ziwekeni kivulini siku chache zinyauke kidogo kabla ya kupanda, kaa huzipenda kidogo zaidi zikiwa mbichi kuliko zikisinyaa.

Mara nyingi hata hivyo kinachokosekana ni maji, si mbegu. Nyuma ya barabara mpya isiyo na kalavati, au ndani ya mabwawa yaliyoachwa ya kufugia kamba na kuvuna chumvi kama kule Ngomeni, Kilifi, maji hayaingii, chumvi inapanda, kila unachopanda kinaungua. Dawa ni jembe. Tafuteni mkondo wa zamani, bado unaonekana kama bonde jembamba lenye tope laini, mpasue ukuta pale pale ulipoukata, mshuke mpaka usawa wa chini wa mkondo. Mkipasua juu juu, maji yanaingia wakati wa bamvua na kufungiwa ndani, na maji yaliyofungiwa ni mabaya kuliko kutoingia kabisa. Mkondo ukifunguka sawasawa, mbegu huletwa na bahari yenyewe bila sherehe. Hori ya Mwache, karibu na Mombasa, ni kinyume chake: mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilimwaga udongo wa bara juu ya mizizi, miti ikafa imesimama. Pale mtakayemdai ni mwenye mashamba ya juu ya mto, na huyo hapandi miti Pwani wala hajulikani na kamera.

Kisha kuna shoka, ambalo siasa hulinoa. Walinzi wakiitwa kwingine na kituo cha polisi kikishughulika na maandamano, mashua hutoka usiku. Na mkoko ukikatwa hauchipui. Mchu na mlilana huchipua, mkoko unakufa moja kwa moja. Hori ya Tudor, Mombasa, ilipoteza zaidi ya asilimia 80 ya mikoko yake kati ya 1992 na 2009, kwa kuni na kwa mitambo ya gongo iliyojificha humo humo msituni. Lamu, yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, watu wanaishi kwa kuuza miti ya mikoko ya unene tofauti, fito, pau, mazio na boriti, korja (miti ishirini) kwa korja, na kuwafungia ghafla hakujawahi kuzuia kukata, kumewafanya wakate kwa wizi. Anayekata kwa leseni huchagua mti wa kipimo na kuacha mama wa mbegu. Mwizi hukata ulio karibu na mashua.

Boriti hizo zilikwenda Uarabuni kwa majahazi mpaka zilipopigwa marufuku 1982. Huko zilikokwenda, Oman, wana aina moja tu, mchu, na kule Qurum katikati ya Muscat wameuzungushia hifadhi, hakuna anayethubutu kuugusa. Aina moja! Sisi wenye tisa tunatupa mbegu kwenye maji.

Wala si kwamba Pwani hapana wanaojua. Gazi, kule Kwale, walianza kupanda 1991 na watafiti wa KMFRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi, tena kwenye maeneo yaliyokatwa, si kwenye tope la kombe. Tangu 2013 mradi wao, Mikoko Pamoja, unauza haki za hewa ya ukaa inayoshikwa na hekta 117 za mikoko, fedha zikaenda kwenye maji ya bomba na vitabu vya shule. Serikali zimebadilika, mkataba upo. Tofauti yao na kina kibao ni karatasi: chama cha jamii cha misitu kilichosajiliwa, mpango wa usimamizi, makubaliano yaliyotiwa saini na idara ya misitu. Lamu nao walishinda mradi wa mtambo wa makaa ya mawe Juni 2019 kwa karatasi vilevile, jopo la kitaifa la kesi za mazingira lilipofuta leseni kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Muhtasari wa mkutano na orodha ya waliohudhuria hufanya kazi hata mwaka wa uchaguzi.

Kwa hiyo mheshimiwa akija na lori la mbegu kabla ya 2027, msimfukuze, mpeni masharti. Mahali mchague nyinyi kwa mpira wa maji. Fedha za mlinzi wa miaka miwili zilipwe kabla ya mbegu ya kwanza. Vipande vitatu vya mita kumi kwa kumi vipigiwe nguzo za bomba la plastiki pembeni, mhesabu mwezi wa tatu, wa kumi na mbili na wa ishirini na nne, na kibao kiandikwe idadi ya mwezi wa ishirini na nne tu, si nyingine. Asiyekubali na apande mnazi uani kwake.