Leseni ya Malindi haifiki Monza

Yuro 940. Hiyo ndiyo bili niliyopewa juzi na shule ya udereva hapa Brianza, Italia, jirani na mji wa Monza wenye uwanja wa mbio za magari, imepigwa muhuri, na chini yake wameandika kwamba nikianguka mtihani wa barabarani nitalipia masomo mengine. Pigeni hesabu wenyewe kwa bei ya yuro ya leo. Na mkumbuke mimi si kijana aliyemaliza kidato cha nne juzi, anayejifunza kukanyaga klachi uwanjani. Nimeendesha lori la mizigo kutoka Malindi hadi Mokowe enzi zile lami ilipokuwa ikikatika baada ya Garsen, mvua ikinyesha unalala njiani na saruji ya watu iko nyuma. Nimekwenda na msafara wa polisi, nimebadilisha springi usiku peke yangu kabla ya Witu huku tingo wangu akisoma Ayatul Kursiy. Leo kijana ambaye ningeweza kumzaa amenikalisha kwenye kigari cheupe na kuniuliza kama najua kioo cha pembeni ni cha kazi gani.

Kwa wasiojua: leseni ya Kenya hapa Italia unaitumia mwaka mmoja tu tangu siku ulipoandikishwa ukaazi manispaa. Baada ya hapo ni kadi ya kumbukumbu. Mmoroko anaingia ofisini na leseni ya kwao, anatoka na ya hapa, kwa sababu serikali zao zimeandikiana. Sisi hatumo. Pamoja na Waitaliano wote waliojaa Malindi, na majumba yao ya Casuarina, na mitambo yao ya setilaiti pale Ngomeni tangu miaka ya sitini, hakuna aliyekumbuka jambo la leseni. Basi unaanza moja. Mtihani wa nadharia ni maswali 30 kwa dakika 20, kila swali kweli au si kweli, ukizidisha makosa matatu umekwisha, na yote ni kwa Kiitaliano. Kiitaliano changu nilikipata ufukweni, cha kuuza safari ya Tsavo na kupatana bei ya boti. Kinafaa sana kumsifu bibi mtu mzima kofia yake, lakini hakijui nani ampishe nani kwenye njia panda isiyo na alama.

Na ukishapita, bado. Miaka mitatu unahesabiwa dereva mchanga. Kwenye barabara kuu wenzako wanakwenda 130, wewe mwisho wako 100, na ukikosea unakatwa pointi za leseni maradufu. Mimi huyu, na mvi zangu.

Sasa nikiwa na bili hiyo mkononi ndipo ulipoingia ujumbe wa sauti wa mpwa wangu. Yeye ni wa tuktuk, Malindi mjini na Watamu. “Shikamoo mjomba. Mjomba, wewe si uko Monza? Mimi nimeiangalia rali ya Naivasha na yale mambo nayaweza. Nitafutie timu hata ndogo. Nianze hata kwa kuosha gari, nikipewa usukani mara moja tu wataniona.” Sikumjibu siku ile. Kesho yake dada yangu akanipigia, na sauti ile ya kununa naijua tangu utotoni: “Kaka, mtoto hajakuomba pesa. Amekuomba umtaje jina tu. Ulaya imekufanya mchoyo.”

Mchoyo! Basi namjibu hapa hapa, kwa sababu najua hayuko peke yake. Wako wengine Maweni, wako Barani, na wako Langoni kule Lamu, ambako magari ni ya kuhesabu lakini barazani watu wanabishana habari za Hamilton, dereva wa Formula 1, zile mbio za magari za ngazi ya juu kabisa, mpaka adhana ya isha.

Mpwa wangu, hiyo kazi haina mshahara wa kuanzia, ina bei ya kuingilia. Mtoto anaanza na gokati, kigari kidogo cha mbio, akiwa na miaka saba, minane, na msimu mmoja wa maana wa gokati hapa unakula makumi ya maelfu ya yuro. Akikua anapanda Formula 4, halafu Formula 3, halafu Formula 2, na kila ngazi ina ankara kubwa kuliko iliyotangulia. Anayelipa ni baba, au tajiri aliyempenda, au kampuni ya magari iliyomchukua mapema. Baba yake Lewis Hamilton alishika kazi zaidi ya moja kwa wakati mmoja ili mtoto afike uwanjani. Mtazame kijana wa Bologna, Andrea Kimi Antonelli: bingwa wa Formula 4 ya Italia 2022, bingwa wa Formula Regional ya Ulaya 2023, akaruka Formula 3, 2024 yuko Formula 2, na 2025 ameketi kwenye Mercedes ya Formula 1 akiwa na miaka 18. Huyo ndiye aliyenyookewa. Lakini baba yake mwenyewe alikuwa dereva wa mbio na ana timu, na Mercedes walimshika tangu yuko kwenye gokati. Wewe una miaka 24 na tuktuk ya mkopo.

Na Monza mnayoitaja mimi naijua kwa upande wa jikoni. Mwishoni mwa wiki za mbio huwa napata kibarua na kampuni ya chakula, tunabeba makreti nyuma ya karakana za timu. Uwanja uko ndani ya bustani ya kifalme, miti mikubwa ajabu, umejengwa 1922, mzunguko mmoja ni kilomita 5.793. Kelele zake nazisikia mpaka nyumbani upepo ukikubali. Mara nyingi mbio zenyewe sizioni, naona sahani.

Safari moja yalikuwa magari ya GT, yale ya mbio yenye umbo la magari ya barabarani. Kuna dereva alikuja kuomba wali mweupe na kuku bila chumvi wala mchuzi. Kijana mzuri, mwenye adabu, viganja vimeota sugu chini ya vidole kama vya mvuvi. Nikadhani ndiye mwenye mambo. Kumbe mwenye mambo ni mzee mmoja mwenye tumbo, mfanyabiashara, aliyekaa meza ya pili anakula tiramisu. Shirikisho la magari la kimataifa, FIA, limewapanga madereva wa mbio hizo kwa madaraja: shaba, fedha, dhahabu, platina. Daraja la shaba kwa kawaida ni matajiri wanaojifurahisha, na kuna mbio ambazo sheria inataka mtu wa shaba awemo ndani ya gari. Yeye ndiye anayelipa. Yule wa dhahabu au platina ameajiriwa kugawana naye usukani, kumfundisha, na kurudisha dakika ambazo mzee amezipoteza. Ni kama yale mashindano ya mashua Lamu: nahodha anajua upepo, lakini mashua ni ya mtu, na mwenye mashua akitaka kushika usukani mbele ya jamaa zake utamwambia nini?

Jumapili jioni nikamwona yule kijana tena, anavuta sanduku lake mwenyewe kwenye changarawe, simu sikioni, anatafuta wa kumpeleka uwanja wa ndege wa Malpensa. Wiki ijayo nchi nyingine, gari jingine, tajiri mwingine. Huyo ndiye dereva wa kulipwa ambaye magazeti hayamwandiki, na wako wengi kuliko wale ishirini na kitu wa kwenye televisheni.

Halafu kuna jambo la karatasi, na hapa ndipo hasira yangu ilipopoa kidogo, kwa sababu niligundua siko peke yangu. Ili uendeshe Formula 1 lazima uwe na leseni kuu, na leseni hiyo inataka pointi 40 ulizokusanya ndani ya misimu mitatu kwenye mbio wanazozitambua hao FIA, kwa mizani waliyoipanga wao. Mwaka 2022 kulikuwa na Mmarekani, Colton Herta, ameshashinda mbio saba za IndyCar, mashindano makubwa ya kwao Marekani, timu ya Formula 1 inamtaka. Wakamhesabia wakakuta ana 32. Mlango ukafungwa. Mwaka 2025 akatangaza kwamba 2026 anakwenda Formula 2, kushindana na watoto, kutafuta njia ya kuingilia. Mtu aliyeshinda kwao! Niliposoma habari ile nilicheka peke yangu kwenye basi.

Na Fernando Alonso je? Bingwa wa dunia 2005 na 2006. Alipokwenda Marekani kwenye mbio za Indianapolis 2017 walimpa mtihani wa wageni, aende mwendo huu kwa mizunguko kadhaa, akifaulu aongeze, akifaulu aongeze tena. Akafaulu. Siku ya mbio akaongoza mizunguko 27, injini ikamfia mizunguko ishirini na kitu kabla ya mwisho, na bado akapewa tuzo ya mgeni bora wa mwaka. Mimi na Alonso tu wachanga kwa pamoja, alhamdulillahi. Juan Pablo Montoya naye, aliyeshinda hapa hapa Monza 2001 na 2005, alipohamia NASCAR, mbio nyingine za Marekani, walimwanzisha kwenye ARCA, mbio za ngazi ya chini. Alessandro Zanardi wa Bologna alikuwa bingwa wa mbio za CART huko Marekani 1997 na 1998 mfululizo, akarudi Formula 1 mwaka 1999 na timu ya Williams, na msimu mzima hakuambulia hata pointi moja. Ujuzi ulikuwa ule ule. Gari lilikuwa jingine, tairi nyingine, watu wengine, na hakuna aliyekuwa na muda wa kusikiliza habari za Marekani.

Lakini anayenigusa mimi ni Robert Kubica, kwa sababu yule ni mhamiaji kamili. Mpoland wa Kraków, kwao hakukuwa na viwanja vya kutosha wala ushindani, akaja Italia na miaka 13 hivi kuendesha gokati, mbali na mama yake, lugha hajui. Mwaka 2006 akaingia Formula 1, na mbio zake za tatu zilikuwa hapa Monza, akamaliza wa tatu. Mwaka 2008 akashinda Kanada. Februari 2011, kwenye rali ndogo ya Andora, pwani ya Liguria, chuma cha kingo za barabara kiliingia ndani ya gari, mkono wa kulia nusura uondoke. Timu yake ya Formula 1 ikaendelea na mwingine, ndivyo ilivyo. Yeye akarudi kwa mlango wa nyuma: 2013 bingwa wa WRC2, daraja la pili la rali za dunia, 2019 akarejea Formula 1 kwenye gari la mwisho la uwanja, akapata pointi moja mwaka mzima. Kisha mbio za DTM za Ujerumani. Kisha mbio ndefu. Mwaka 2021 kule Le Mans, Ufaransa, kwenye mbio za saa 24 ambazo madereva hupokezana usukani, gari lao lilikuwa linaongoza daraja la LMP2, la chini ya lile la juu, likazima kwenye mzunguko wa mwisho. Wa mwisho, jamani, baada ya saa 24! Mmoja wa wenzake garini alikuwa Mchina, Yifei Ye. Na 2025 hao hao wawili, pamoja na Mwingereza Phil Hanson, wakaishinda Le Mans yenyewe, wa kwanza kwa jumla, na Ferrari ya manjano. Kubica alikuwa na miaka 40, na ndiye aliyelileta gari mwisho. Siku ile kazini nilitangaza kama ameshinda mtu wa Shela.

Najua mpwa wangu atasema, mjomba hayo ni ya Wazungu, mimi nataka Safari Rally yetu ya Kenya. Haya. Joginder Singh alianzia gereji, na Safari ya 1965 aliishinda na Volvo ya mtumba, ndugu yake Jaswant kando akisoma njia. Akashinda tena 1974 na 1976. Shekhar Mehta mara tano. Patrick Njiru alimaliza wa nne 1994, mwaka ule Ian Duncan aliposhinda na Toyota. Hao wametoka kwetu na siwaondolei sifa. Lakini waulize madereva wa rali wa Kenya leo wanakula nini, wengi watakuonyesha biashara yao. Rali ndiyo inayokula biashara.

Kwa hiyo ushauri wangu, na huu ni kwa yeyote anayetaka kuja huku na usukani mkononi. Usimlipe mtu anayekuahidi “nafasi ya majaribio” kwenye timu. Nimeshatumiwa picha za barua hizo na vijana wa Malindi, nembo imepindika, herufi za Kiitaliano zimekosewa. Jifunze Kiitaliano cha darasani ukiwa bado huko, walimu wapo Malindi. Chukua leseni ya magari makubwa, uyazoee, maana Ulaya inalilia madereva wa malori. Utafanya mitihani upya, nimeshakwambia, lakini mikono itakuwa inajua kazi. Na timu za mbio nazo husafirisha magari yao kwa malori. Fundi mzuri na dereva mzuri wa lori wanaingia Monza mlango wa mbele, na wanalipwa kila mwisho wa mwezi, jambo ambalo yule wa wali mweupe hana uhakika nalo.

Dada, ada ya shule ya udereva wa lori pale mjini nitaituma kwa M-Pesa mwisho wa mwezi, moja kwa moja kwa shule, si kwa mtoto. Mchoyo hafanyi hivyo.

Nilimsomea mpwa wangu haya yote kwenye simu jana, neno kwa neno, muda wa maongezi ukiniishia. Akasikiliza kwa heshima zote, akanyamaza, akasema: “Nimekuelewa mjomba, wallahi. Sasa huyo mzee wa tiramisu, unayo namba yake?”