Nilienda Vietnam kuangalia kahawa, nikauliza swali la kanisa

Nianze na basi maana mgongo bado unauma. Kutoka Ho Chi Minh City mpaka Buon Ma Thuot ni kama kilomita 350, unapanda basi la kulala la usiku, viatu unavua mlangoni unapewa mfuko wa plastiki, halafu unajikunja kwenye kitanda kilichopimwa kwa mtu wa futi tano. Mimi nina sita. Asubuhi nimeshuka miguu haina habari na mimi.

Nilichofuata ni kahawa aina ya robusta. Sisi wa Kagera tunayo tangu enzi za mababu lakini hawa jamaa ni wa pili duniani kwa kahawa nyuma ya Brazili, na mkoa wa Dak Lak, ambako Buon Ma Thuot ipo, ndiyo jiko lenyewe. Siku nne za mashamba siziongelei sana, nimeona mipira ya kumwagilia, nimeona tulivyo nyuma, basi. Hela yao kata sifuri moja unapata kama shilingi, kwa hiyo kahawa ya barafu na maziwa ya kopo 25,000 siyo mbaya, ila hoteli walinichaji maji ya kunywa kama nanunua dawa.

Sasa Jumapili. Dereva wangu, kijana anayejua Kiingereza cha kubangaiza, akanipitisha kwenye kanisa la mjini, limejaa mpaka watu wamekaa juu ya pikipiki nje. Akasema unaona, hapa dini ruksa. Nikaona kweli. Baadae akanipeleka kijiji cha Waede, kabila moja la wenyeji wa milima hii, jina la kijiji naliacha kwa makusudi. Nyumba zao ni ndefuuu, za mbao, zimeinuliwa kwenye nguzo, na ngazi ni gogo moja limechongwa matiti mawili na mwezi mwandamo juu yake, maana kwao ukoo unafuata mama na mwanamke ndiye anayeposa (nikawaza wajomba zangu wangelisikia hili).

Mama mwenye nyumba akatukaribisha kwenye mkeka. Nikatoa zawadi yangu, kahawa ya kutafuna ya Bukoba, imefungwa kwenye jani la mgomba. Watu wanalima kahawa miaka yote hawajawahi kuona mtu anaitafuna! Watoto wakatema, mama akacheka mpaka akafuta machozi, mzee wa nyumba akaomba nyingine. Tukawa ndugu kabisa.

Ukutani pembeni ya kalenda palikuwa na msalaba mdogo wa mbao. Nami kwa mazoea ya nyumbani nikauliza, mnasali wapi? Kwetu hilo swali unamuuliza mtu uliyekutana naye kwenye daladala. Dereva hakutafsiri. Nikarudia, akatafsiri kwa sauti ya chini. Mama akaacha kucheka, akanyanyuka akafunga dirisha. Mzee akajibu neno moja, "nyumbani", halafu akaanza bei ya mbolea.

Haikupita nusu saa pikipiki ikasimama chini, jamaa hana sare, shati kachomekea vizuri, akaongea na dereva kisha akaomba pasipoti yangu akaipiga picha. Hakunifokea wala nini. Tukaondoka na hakuna aliyetusindikiza hata mpaka kwenye ngazi. Dereva akadai 600,000 badala ya 400,000 tulizoelewana, eti ya usumbufu.

Usiku nikamaliza bando nasoma. Februari 2001 na tena Pasaka ya 2004 watu wa makabila ya milima hii waliandamana wakidai ardhi na uhuru wa kuabudu, wakatawanywa kwa nguvu, wengi wakakimbilia Kambodia na baadhi wakapelekwa kuishi Marekani, North Carolina. Watetezi wa haki wanasema Wakristo wa kusali majumbani wanalazimishwa kuikana imani yao hadharani, wengine wamefungwa. Serikali inakataa kata kata, inasema hafungwi mtu kwa sababu ya dini bali kwa kuvunja sheria, na kwamba ule Ukristo wanaouita wa Dega (jina la hawa watu wa milimani) ni siasa ya kujitenga iliyovaa joho. Marekani iliiweka Vietnam kwenye orodha ya nchi zinazobana dini 2004 ikaitoa 2006. Halafu Juni 2023, mkoa huu huu, watu wenye silaha wakavamia ofisi mbili za serikali, wakafa 9, na Januari 2024 mahakama ikawatia hatiani watu 100. Hapo nikaelewa kidogo yule wa pikipiki, na nikaelewa zaidi lile dirisha.

Kusajili kanisa, kama serikali yao inavyotaka, siyo ajabu, hata kwetu unaenda kwa Msajili wa Jumuiya. Kilichonikera ni kwamba sehemu ya ugomvi ni ardhi, wageni kutoka tambarare walimiminika huku baada ya 1975 na misitu ikageuka kahawa, kahawa ileile niliyokuwa napiga picha siku nne nikiwaonea wivu.

Kesho yake dereva kanifuata stendi ana mfuko wa plastiki. Ndani kahawa zangu za kutafuna, mama kazirudisha, pungufu ni zile tu walizotafuna siku ile. Eti waliulizwa mgeni kaleta nini. Nikazitafuna mwenyewe njia nzima, magoti kidevuni.