Panga kwanza, changanya baadaye: kuunganisha picha za mwanga tofauti

Ukiunganisha picha tatu za mwanga tofauti na kingo zikatoka na ukungu, usikimbilie kulaumu maski (pazia linaloamua sehemu gani ya picha ionekane na ipi ifichwe). Mara nyingi tatizo limeanza mapema: leya, yaani picha zilizopangwa juu ya nyingine, hazikukaa sawasawa. Kupishana kwa pikseli mbili tu kunatosha kuacha mstari mweupe pembeni mwa kila tawi la mti, na mstari huo haufutiki kwa brashi.

Kwenye kamera, piga picha za stopu (vipimo vya mwanga) -2, 0 na +2 kwa kubadilisha kasi ya shata peke yake. Ukigusa tundu la lenzi, kina cha fokasi kinabadilika na picha hazilingani tena. Unaposafisha RAW (faili ghafi za kamera), zipe zote joto moja la rangi na marekebisho yaleyale ya lenzi, usikate hata moja, kisha zitoe kwa biti 16. Biti 8 huleta michirizi angani.

Kwenye Photoshop, pakia zote kama leya za faili moja, zichague, nenda Edit, kisha Auto-Align Layers. Kama kamera ilikuwa kwenye tripodi chagua Reposition, maana inasogeza tu bila kuipinda picha. Auto waachie waliopiga kwa mkono. Kwa wanaotumia GIMP, napendekeza kupanga kwanza kwa programu inayokuja na Hugin, programu ya kuunganisha picha:

align_image_stack -m -C -a sawa a.tif b.tif c.tif

Hapo -m inarekebisha tofauti ndogo za upana wa mandhari, -C inakata pembeni pasipofikiwa na picha zote, na -a inatoa TIFF mpya ambazo majina yake yanaanza na "sawa".

Sasa hakiki, na hatua hii usiiruke kamwe. Weka leya ya juu kwenye Difference (hali inayoonyesha tofauti kati yake na leya ya chini), kuza hadi asilimia 200. Usitarajie weusi mtupu, kwa kuwa mwanga haulingani; tazama kingo. Ukiona mstari pacha, leya haijakaa. Pitia pembe zote nne, kwani katikati panaweza kukaa vizuri huku pembe zikiwa zimezunguka kidogo. Ukiridhika, rudisha Normal.

Kuchanganya kwenyewe: picha ya giza ikae juu ya ile angavu. Ipe maski, kisha nakili picha angavu na uibandike ndani ya maski hiyo. Palipo na mwanga mwingi patachukua picha ya giza. Ukiishia hapo, mawingu yatakuwa bapa, kwa sababu kila doa angavu limefifishwa kuliko jirani yake. Ndiyo maana maski hulainishwa kwa Gaussian Blur. Kwa picha ya megapikseli 24, anza na pikseli 30 hadi 50. Ukizidisha, giza la anga linavuja juu ya paa na mwanga unabaki kama pete kandokando yake. Dawa ni kulainisha kunakoheshimu kingo: Surface Blur kwenye Photoshop, Selective Gaussian Blur kwenye GIMP. Upeo wa bahari ulionyooka hausumbui. Hapo kwenye upeo ndipo mpiga picha Gustave Le Gray alipounganishia negativu zake huko Ufaransa miaka ya 1850. Matawi ndiyo mtihani.

Asiyetaka maski atumie enfuse, programu inayochanganya picha yenyewe. Inafuata mbinu ya Mertens, Kautz na Van Reeth ya 2007: inapima ubora wa kila pikseli, kisha inaunganisha maeneo mapana kwa upana na vitu vidogo kwa wembamba, hivyo pete hupungua sana. Picha hutoka imepoa kidogo, lakini upungufu huo wa kontrasti unaondoka kwa Curves (zana ya kurekebisha mwanga na giza).

Majani yanayopeperuka hayapangiki kwa programu yoyote. Chagua picha moja, upake maski kwa brashi laini ili sehemu hiyo itoke humo tu. Mimi huchagua ile ya giza: shata yake ni ya kasi zaidi, majani yametulia, na vivuli vinaweza kuinuliwa stopu moja bila chengachenga nyingi.