Wanabeba nini?

Saa kumi na nusu usiku. Nimekalia ndoo iliyopinduliwa ndani ya banda, naandika kwenye simu kwa kidole gumba kimoja, maana mkono wa kulia hauna nguvu kabisa. Hatua mbili mbele yangu Clementine, mmoja wa farasi wetu wadogo, anamlamba mtoto wake shingoni. Mama mtu ana kimo cha sentimita 81. Mtoto akisimama ananifika gotini, na miguu yake ni kama vijiti vya kuchomea mishikaki. Nje kuna baridi ya Aprili ya Ohio, ile inayojifanya imeondoka mchana halafu usiku inarudi kuchukua kilichobaki.

Miaka sita iliyopita, nilipoolewa na kuletwa kwenye shamba hili, siku ya pili tu nilimpigia baba simu ya video kumwonyesha farasi wa mama mkwe. Baba yuko Lamu, amefuga punda tangu ujana wake. Punda wetu ndio waliotusomesha: walibeba mchanga, mawe, saruji, mitungi ya gesi, na mara moja bibi harusi ambaye kiatu kilimkatikia njiani. Baba akaisogeza simu karibu na macho, akatazama farasi kumi na moja wasiofika kiunoni pa mtu wakikimbizana kwenye majani.

"Hawa wanabeba nini?"

"Hawabebi kitu, Baba."

"Basi wanavuta?"

"Kigari kidogo. Siku za maonyesho."

Akanyamaza. "Kwa hiyo, mwanangu, wanakula bure?"

Mume wangu aliomba nimtafsirie, nikamwambia baba amewapenda. Lakini swali lilinikaa. Jioni nikamuuliza mama mkwe, kwa adabu zote, kazi ya hawa farasi ni nini hasa. Hakuchukia. Akanihadithia kwamba mwaka 1842 Uingereza ilipitisha sheria ya kuwakataza wanawake, na wavulana wasiotimiza miaka 10, kufanya kazi chini ya ardhi katika migodi ya makaa. Wenye migodi wakatafuta mnyama wa kupita kwenye vichochoro vile vya chini, wakampata farasi mdogo wa visiwa vya Shetland. Wengine wakaletwa hadi migodi ya huku Marekani. Damu ya hao wavuta makaa imo ndani ya hawa wetu wanaosukwa singa na kufungwa utepe. Nilipompa baba habari hiyo alitikisa kichwa kwa heshima. "Kumbe wazee wao walikuwa watu wa kazi."

Siku hizi kazi yao ni udogo wenyewe. American Miniature Horse Association, chama cha farasi wadogo kilichoanzishwa 1978, kimeweka ukomo wa inchi 34, kama sentimita 86, na kipimo kinachukuliwa pale singa za shingoni zinapoishia. Farasi akizidi kidogo thamani inashuka. Kwa hiyo watu wamezalisha wadogo kwa wadogo, kizazi baada ya kizazi, mwili ukapungua. Kichwa ndicho hakikukubali kupungua kwa kiasi hicho hicho. Mtoto anakuja na paji la uso lililotuna kama dafu, na njia ya mama yake ni nyembamba. Ndiyo maana mimi silali mwezi wa nne.

Kwetu punda alikuwa akibeba mimba mwaka mzima bila mtu kuhesabu. Asubuhi moja unatoka na ndoo ya maji unakuta wako wawili, huyo mdogo keshakauka, masikio marefu kuliko shingo. Hapa tunahesabu. Mimba yao ni siku 330 hivi, mara nyingi pungufu, na zikipita 300 tunaanza kuchungulia kiwele kila jioni kama watu wanaongoja maembe yaive. Kikijaa, tunakamua matone mawili na kuyapima kwa vikaratasi vile vya kupimia maji ya bwawa la kuogelea, maana kalsiamu, yaani madini ya chokaa, ikipanda kwenye maziwa siku zimekwisha. Kisha chuchu zinatoa vitone vilivyoganda mfano wa nta ya mshumaa. Kuna na kamera bandani. Nayo kamera ndiyo iliyoniponza mwaka jana.

Mwaka jana zamu ilikuwa yangu. Mama mkwe alikuwa amekesha siku tatu, nikamwambia akapumzike. Nikalala na simu kifuani, picha ya banda ikiwaka, na mimi nikasinzia nayo. Kwa kawaida kinachotangulia kutoka ni ngozi nyeupe yenye maji, unaona hadi kwato ndani yake. Nilipofumbua macho palikuwa na kitu chekundu, chekundu kama mahameli. Hiyo maana yake kondo la nyuma limebanduka kabla ya wakati na mtoto amekosa hewa. Unatakiwa upasue papo hapo, usingoje mtu wala simu. Nilikimbia miguu mitupu kwenye theluji. Nilipasua. Alikuwa mzima wa viungo, mweusi, mwenye doa jeupe puani, na hakuwa na pumzi. Mama mkwe alinikuta nimemfunga shuka langu la kujifunika. Hakunilaumu kwa neno hata moja, na mpaka leo naona afadhali angelaumu. Baba sikumwambia. Nilihofia angesema punda hana habari hizi, na angekuwa amesema kweli.

Kwa hiyo usiku huu nilikuja na ndoo yangu tangu saa nne. Saa nane na dakika ishirini Clementine akajilaza, akainuka, akajilaza tena, shingo imeloa jasho. Ngozi ikatoka nyeupe. Nikasema alhamdulillahi kwa sauti, nikamwamsha mama mkwe. Ukatoka mguu mmoja, wayo umeangalia chini kama inavyotakiwa, na nyuma yake pua. Mguu wa pili haukuonekana.

Daktari wa mifugo yuko mwendo wa dakika arobaini. Uchungu wa farasi ukishakolea, nusu saa ni nyingi. Daktari akawa kwenye spika, mama mkwe akashika kichwa cha Clementine, akanitazama mikono, kisha akatazama yake iliyovimba viungo kwa baridi yabisi. "Yako ndiyo midogo," akasema.

Nikaosha hadi kiwikoni, nikapaka kilainishi. Ndani ni joto kuliko nilivyodhani, na uchungu ukija mkono unabanwa kama umeufungia mlango. Unangoja. Ukilegea unamrudisha mtoto nyuma kidogo, unatafuta. Nikapata goti limekunjwa. Daktari akasema nifuate chini hadi ukwato, niufunike kwa kiganja usije ukamchana mama, niulete mbele. Nilikosa mara mbili. Mara ya tatu ukwato ukaingia kiganjani, mlaini wenye utelezi kama nyama ya dafu changa, maana watoto hawa huzaliwa na kwato zilizovikwa vitu laini ili wasimuumize mama. Ukaja. Paji la uso likakwama kidogo, halafu likapita, na vyote vilivyobaki vikamwagika mapajani kwangu pamoja na maji.

Akapiga chafya.

Hapo tena kuna saa za kuangalia: asimame ndani ya saa moja, anyonye ndani ya mbili, kondo litoke ndani ya tatu. Kusimama alisimama dakika ya arobaini, baada ya kuanguka kila upande ambao mnyama anaweza kuangukia. Kunyonya ndiko kulikotutia wasiwasi. Alinyonya ukuta. Alinyonya mfuko wa koti langu. Na dang'a, yale maziwa ya kwanza yenye kinga, haisubiri. Siku ya kwanza ikipita tumbo lake halipitishi tena ile kinga kwenda kwenye damu. Mama mkwe akaenda kutafuta chupa. Mimi, sijui kwa nini, nikampigia baba. Kwao ilikuwa saa tano kasoro asubuhi.

Hakuuliza wanabeba nini. Alitazama kitambo. "Ameshanyonya?"

"Bado, Baba. Anahangaika."

"Usimsukume kichwa, atakuwa mbishi. Mkune pale juu ya mkia. Mamaye ndivyo anavyofanya kwa pua."

Nikamkuna. Mkia ukaanza kwenda huku na huku, shingo ikanyooka, akapita chini ya tumbo la Clementine, akakosa, akapata. Ikasikika ile sauti ya kufyonza, chafu, yenye mapovu. Baba aliisikia huko aliko, nikamwona anatabasamu na meno yake machache.

"Dume au jike?"

Sikuwa nimetazama. Nikainama na simu mkononi.

"Jike."

"Haya. Mpe mama maji ya uvuguvugu," akasema, akakata simu. Nyuma yake nilikuwa nimewaona punda wawili wamesimama na shogi tupu, wanangoja mchanga.