Herufi ya kh ina jiwe lake Armenia

Sisi tunaofanya kazi Dubai tunaikimbilia Yerevan, mji mkuu wa Armenia, kwa sababu ndege haikawii na baridi yake ni ya kweli. Wenzangu walitaka magofu na mvinyo. Mimi nilitaka kwenda Artashavan.

Ni mwendo mfupi kutoka Ashtarak, kwenye barabara ya Spitak, miteremko ya mlima Aragats ikiwa pembeni. Tiketi hakuna. Unashuka garini, unapanda kidogo, na hizo hapo: herufi 39 za Kiarmenia zilizochongwa kwa jiwe la volkano, lile lile linalojengea nyumba za mjini. Hazikupangwa safu. Zimetawanyika nyasini, hii imeelekea bondeni, ile imeipa mgongo barabara, na watoto wanazikwea bila kugombezwa na mtu. Msanifu Jim Torosyan alizisimamisha mwaka 2005, alfabeti ilipotimiza miaka 1600.

Kila mgeni anatafuta herufi ya jina lake apigwe picha. Langu linaanza na kh. Kwenye pasipoti linakula herufi mbili, na huko skuli walimu kutoka bara walikuwa wakiniita kwa k kavu, nikazoea. Hapa kh ina jiwe lake peke yake: Խ. Nililikumbatia hadi upepo ukanifukuza.

Aliyezibuni herufi hizi ni mtawa, Mesrop Mashtots, mwaka 405. Waarmenia walikuwa Wakristo tayari, lakini Maandiko wakiyasoma kwa Kigiriki na Kisiria, lugha ambazo mtu wa kawaida hakuzielewa. Mashtots akatunga herufi 36. Nyingine zikaongezwa baadaye. Sentensi ya kwanza kuandikwa ilitoka kitabu cha Mithali: kujua hekima na adabu, kutambua maneno ya ufahamu. Herufi ya kwanza ni Ա, ya Astvats, yaani Mungu. Ya mwisho katika zile 36 ni Ք, ya Kristo. Enzi za Kisovieti lugha nyingi za muungano ule zilivishwa herufi za Kirusi. Hizi zikabaki.

Lakini kilichonishika hasa ni masikio ya yule mtawa. Dereva wetu, mzee mcheshi, ana mchezo wake kwa wageni: anawasimamisha mbele ya Պ, Բ na Փ na kuwataka wazitamke. B haina shida. Kwenye zile p mbili, moja kavu na moja yenye mpumuo, yaani pumzi inayotoka pamoja nayo, wenzangu wote walianguka, naye akacheka kwa raha zake.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Kwetu paa la nyumba na paa wa porini havitamkwi sawa, wala kaa la moto na kaa wa baharini. Tunazisikia tangu tumboni, ila kwenye maandishi zote ni moja. Bibi yangu alikuwa akiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kh aliipata bila taabu, p ikamsumbua. Mimi naandika kwa herufi za Kizungu, p ninayo, mpumuo sina. Mara zote mbili tumevaa nguo iliyokatwa kwa kipimo cha mwingine. Mashtots alikaa akawasikiliza watu wake kwanza, ndipo akachora. Wivu niliouona pale siuonei haya.

Basi nikamwambia dereva: paa, p'aa. Akaacha kucheka. Akaniambia nirudie, nikarudia, kisha akanipeleka mbio kwenye Տ na Թ, halafu Կ na Ք, kama mwalimu aliyepata mwanafunzi jioni ya mwisho wa muhula. Nilizipita zote. Akauliza Mombasa ni upande gani wa Afrika, nikamwonyesha kwenye simu, naye akawahimiza wenzangu waingie garini upesi: Oshakan si mbali, Mashtots amezikwa kanisani pale, na yeye alitaka tufike kabla hapajafungwa.