Pima Hamsini

Ujiji, Jumapili usiku

Mwezi ni mpevu. Wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani usiku kama huu, taa zao zinamezwa na mbalamwezi, kwa hiyo baba mdogo yupo barazani kwangu tangu magharibi, anakunywa chai ya tangawizi na kunisimanga kwamba nimekuwa mtu wa kukodolea kompyuta macho. Nimemwambia naandika. Akauliza, "Bado ile ile ya mwaka jana?"

Ile ile. Ngoja niweke hesabu hapa nisije nikajidanganya. Kitabu cha kwanza rasimu imeisha, sura 24. Cha pili kimekwama sura ya tisa tangu masika. Cha tatu ni bahasha ya kaki iliyojaa vikaratasi nilivyoandika nikisubiri fotokopi zitoke, kimojawapo nyuma ya risiti ya wino. Mchana nina steshenari yangu pale Mwanga, nachapa barua za watu za kuomba kazi na mihutasari ya vikao vya vikoba. Usiku nahamia mwaka 2115.

Hadithi yenyewe inatokea hapa hapa Kigoma. Nilipoianza niliiweka chini ya maji: mji wa vioo kwenye sakafu ya Ziwa Tanganyika, mita 1,200 kwenda chini, watu wanafuga kuhe na migebuka kwenye mazizi makubwa, watoto wanatetemeka kwa baridi ya kilindini. Nilikuwa naupenda sana mji ule. Niliuchora hadi vichochoro.

Kuna kaka mmoja mteja wangu, anayejua mambo ya samaki kitaalamu, huwa anakuja kubaindi ripoti zake. Nikampa sura nne za kwanza. Alizirudisha Jumatatu zikiwa na alama za penseli, akasema kwa upole kabisa, "Dada, samaki wako wote wamekufa ukurasa wa pili."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akavuta kiti, akanieleza. Ziwa letu kweli lina kina cha mita 1,470, duniani linazidiwa na Baikal peke yake, lakini uhai wake wote umejibana juu. Upande wetu huu wa kaskazini oksijeni inaishia kwenye mita 100 hivi, kusini inashuka hadi 200 na kitu. Kutoka hapo hadi sakafuni ni maji yasiyo na pumzi, yana harufu ya yai viza, hakuna samaki anayeishi humo. Na baridi? Hakuna baridi. Chini kabisa ni nyuzi 23, na juu tunakooga ni kama 26. Watoto wangu walikuwa wanatetemeka bure.

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikamuuliza baba mdogo, ambaye hajawahi kusoma ripoti ya mtu: mnashusha nyavu mpaka wapi? Akanyoosha mikono yake miwili, pima moja, kama wanavyopima kamba. "Pima hamsini ukizidisha sana. Chini ya hapo unaosha kamba tu." Pima hamsini ni mita tisini. Nikabaki namtazama. Nimekulia mita mia tatu kutoka ziwani, mtu mwenye jibu anakunywa chai yangu kila mwezi ukiwa mpevu, na mimi nimeandika sura nne za mji wa kutoka kwenye filamu za watu wengine.

Zile sura nne nimezitupa. Si kuziweka pembeni, nimezifuta, kisha nikajuta, kisha nikamshukuru Mungu kwamba sikuwa na nakala kwenye flashi.

Kilichokuja badala yake ndicho kitabu chenyewe. Yule kaka alikuwa amenieleza jambo jingine, nikawa nimelipita kwa hasira. Rutuba yote ya ziwa inazama: mwani, samaki waliokufa, uchafu wote unashuka kwenye yale maji mafu na kukaa huko. Dagaa wanaishi kwa sababu kila mwaka kuanzia Mei mpaka Septemba upepo wa kusini unasukuma maji ya juu kuja kaskazini, na kule kusini maji ya chini yanapanda kuziba nafasi, yanapanda na rutuba yao. Ziwa likizidi kupata joto, maji ya juu yanakuwa mepesi, yanatulia pale juu kama mawese juu ya mchuzi uliopoa, na upepo unavuma mpaka unachoka bila kuyachanganya. Hilo halisubiri 2115. Limeshaanza.

Sasa fikiria miaka tisini mbele. Dagaa wamekwisha, na watu wa Kigoma wanajenga mtambo wa kulikoroga ziwa.

Wiki tatu nilitafuta jina la mtambo huo. Nilijaribu majina ya kisayansi, mengine marefu kama jina la wizara. Jioni moja shangazi alikuwa jikoni anasonga ugali wa muhogo, na ugali wa muhogo haumwonei mtu huruma, akanipigia kelele: "Mwiko! Niletee mwiko!" Nikauleta. Nikarudi kwenye kompyuta nikaandika Mwiko, kwa herufi kubwa, na papo hapo nikasikia lile neno la pili lililomo ndani ya lile la kwanza. Chombo cha kukorogea na jambo lililokatazwa vinaitwa jina moja. Maana mtambo ule ukikoroga kidogo, unaleta rutuba. Ukikoroga kupita kiasi unapandisha yale maji yasiyo na pumzi, na asubuhi ufuo mzima kuanzia Kibirizi mpaka Katonga ni samaki weupe, matumbo juu. Msururu wote wa vitabu vitatu umesimama kwenye neno moja ambalo shangazi alilihitaji kwa sababu ugali ulikuwa unaungua.

Toka siku hiyo nimeacha kubuni maneno kwa nguvu. Nilikuwa na orodha ndefu ya istilahi, nyingine nimezisanifu mwenyewe kwa majivuno makubwa. Lakini mwangalieni baba mdogo. Karabai ya mafuta ya taa hajaigusa miaka. Mtumbwi wake una taa za betri na paneli ya sola. Na bado jioni akitoka anasema, "Naenda kuwasha karabai." Chombo kimekufa, jina limehamia chombo kingine bila kuomba ruhusa. Basi na watoto wangu wa 2115 wana vyombo vidogo vinavyoruka juu ya maji usiku vikimulika, na wanaviita karabai. Sikuweka maelezo yoyote. Msomaji wa hapa ataelewa, na wa Dar es Salaam ataelewa polepole.

Kitabu cha pili ndicho kinachonitoa jasho. Mwiko wa kwanza umeshaharibika, kuna vita vya maji, na walioujenga wana mtambo wa pili ambao hawataki adui aukamate. Wafanye nini? Niliandika wanaulipua. Haikukaa vizuri, nikaipitisha hivyo hivyo.

Juzi nilikuwa bandarini kumsindikiza mama mmoja wa Kirando, nikawa nawaza habari za Liemba. Kila mtoto wa Kigoma anaijua, lakini safari hii niliisikia kama mwandishi. Meli imeundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye masanduku 5,000, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam na kupanda reli mpaka huku, ikaunganishwa upya na kuingizwa majini 1915. Mzee wa Ujiji aliyekuwa amesimama ufukweni mwaka ule akiona meli inatoka kwenye masanduku, huyo hakuhitaji hadithi ya kisayansi. Mwaka uliofuata Wajerumani walipoona wanashindwa waliizamisha wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha walipaka mashine zake grisi nzito.

Grisi! Mtu anazamisha meli yake na huku anaitunza. Ana nia ya kurudi. Hawakurudi wao, Waingereza waliiopoa 1924, na 1927 ikaanza tena kazi kwa jina la Liemba. Niliporudi nyumbani nilifuta mlipuko. Sasa sura ya nane inaisha na fundi mmoja mwanamke, mikono imejaa grisi mpaka kwenye viwiko, anapaka mtambo usiku kucha ili auzamishe alfajiri. Ni kurasa tano na hazina neno hata moja la mazungumzo. Nadhani ndizo kurasa nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika, na nasema hivyo nikijua kesho naweza kuzisoma nikaona aibu.

Cha tatu sitakieleza sana. Kinahusu Lukuga, ule mto wa upande wa Kongo ambao ndio mlango pekee wa kutokea maji ya ziwa hili. Karne ya kumi na tisa mlango ule uliziba kwa tope na majani, ziwa likapanda, kisha miaka ya 1870 likaubomoa na kushuka mita nyingi. Walioona maji yakiingia hadi kwenye vibanda vya Kibirizi miaka hii ya karibuni hawatahitaji nichore picha.

Nilikuwa nimepanga usiku huu niivunje sura ya tisa. Fundi wangu amezeeka, miaka imepita, anarudi na binti yake kuutafuta Mwiko uliozama. Nikamsomea baba mdogo aya mbili za mwanzo, kwa sauti, hapa barazani, mwezi ukiwaka kama umeme wa bure. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Nilidhani amelala.

"Walipouzamisha," akasema, "walifunga boya?"

"Hapana, baba. Adui angeliona."

"Sasa huyo binti anashusha kamba pima ngapi?"

Nikapekua rasimu. Sura ya nane nimeandika "wakauacha uzame gizani". Pima ngapi sijaandika popote. Kama ni zaidi ya hamsini, grisi imekutana na maji yasiyo na oksijeni, hakuna kutu, mtambo ni mzima. Kama ni pungufu ya hapo, umekwisha kitambo, na kitabu changu cha tatu hakina mtambo.

Amemimina chai nyingine. Anasubiri jibu.