Seva ya Mnadani na Kelele Zake Mbili

Mwanzoni mwa mwaka 2025 ofisi moja hapa Tabora ilipiga mnada samani na mitambo iliyokwisha muda wake, nami niliyekwenda kutafuta kiti nikarudi Ipuli na seva, yaani kompyuta ya kuhudumia ofisi nzima, aina ya Dell PowerEdge R710 ndani ya bajaji, baada ya kuilipia shilingi 90,000 kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Diski zote zilikuwa zimeondolewa, na ndivyo inavyopasa kwa mashine iliyobeba kumbukumbu za ofisi, lakini prosesa mbili za Xeon, GB 48 za RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) na pawasaplai mbili zilikuwamo.

Tayari nilikuwa na kipokezi cha USB chenye chipu ya RTL2832U, ambayo ilibuniwa kwa ajili ya televisheni ya kidijitali, lakini tangu mwaka 2012 imejulikana kwamba inaweza kutoa sampuli ghafi za mawimbi na kuiachia programu ya kompyuta kazi yote ambayo redio ya kawaida huifanya kwa vifaa vyake vya ndani. Kipokezi hicho hufika kuanzia megahezi 24 hadi takriban 1,766. Nilitaka kunasa picha za satelaiti za hali ya hewa kwenye megahezi 137, pamoja na taarifa ambazo ndege hujitangazia zenyewe kwenye megahezi 1,090. Kompyuta mpakato yangu ilikuwa ikipoteza sampuli kila nilipojaribu kurekodi, nikadhani seva ingemaliza tatizo hilo kwa nguvu tu.

Usiku wa kwanza nilijifunza kwa nini mashine hizi hufungiwa chumba chake ofisini. Feni zake tano zilivuma kiasi kwamba asubuhi, baada ya kumwamkia mzee jirani, aliniuliza, «Marahaba mwanangu. Hivi mmefungua mashine ya kusaga humo ndani?» Nikamwomba radhi. Kwa bahati seva za kizazi hiki hukubali kupunguziwa kasi ya feni kwa amri za programu ya ipmitool, nami nikazishusha hadi asilimia 20. Hata hivyo sikuthubutu kuziacha hivyo bila ulinzi, kwa kuwa Oktoba ya Tabora si ya mchezo. Niliandika programu fupi inayosoma joto la prosesa kila baada ya sekunde 30 na kuzirudishia feni utaratibu wao wa awali joto likipita nyuzi 65.

Suala la umeme lilinitisha zaidi. Kipimo cha kuchomeka kwenye soketi kilionyesha wati 165 hata mashine ikiwa haina kazi, yaani karibu uniti 4 kwa siku na takriban 119 kwa mwezi. Nyumba yangu ilikuwa ikitumia uniti 50 tu, kwa hiyo tulikuwa katika kundi la wateja wasiozidi uniti 75, wanaolipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Ukivuka hapo unahamishiwa kwenye shilingi 292. Kwa hesabu hiyo LUKU ya shilingi kama 6,100 kwa mwezi ingegeuka zaidi ya 60,000, na sehemu kubwa ya nyongeza isingetokana na seva yenyewe bali na nyumba nzima kupanda daraja. Mke wangu alipoiona hesabu hakusema neno, akanirudishia karatasi.

Basi nikaanza kuipunguza. Niliondoa prosesa moja, jambo linalozima pia nafasi za RAM zilizo upande wake, nikaacha GB 24, pawasaplai moja, na badala ya diski za kuzunguka nikaweka SSD moja ndogo, yaani diski isiyozunguka, ya kuwashia mfumo endeshi wa Debian, ulio wa familia ya Linux. Kipimo kikashuka hadi wati 95. Hapo ndipo nilipogundua kwamba thamani ya mashine hii kwa kazi yangu imo katika RAM kuliko katika prosesa. Kipokezi kikitoa sampuli milioni 2.4 kwa sekunde, kila moja ikiwa na baiti mbili, unapata MB 4.8 kwa sekunde, ambazo bandari ya USB 2.0 huzimudu, na satelaiti inayopita juu kwa dakika 12 huacha faili la karibu GB 3.5. Faili hilo naliandika moja kwa moja kwenye RAM, nalichakata humohumo kwa SatDump, programu ya kugeuza mawimbi ya satelaiti kuwa picha, na picha iliyokamilika pekee ndiyo inayokwenda kwenye SSD.

Kuna kikwazo kimoja kinachowakwamisha wengi siku ya kwanza: kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi, hukitambua kipokezi kama cha televisheni na kukikamata, kwa hiyo ni lazima moduli ya dvb_usb_rtl28xxu iwekwe kwenye orodha ya zisizopakiwa.

Kelele ya pili haisikiki kwa masikio. Picha zangu za mwanzo zilijaa michirizi, nami nikailaumu antena kwa wiki mbili. Mwishowe nilichomeka kipokezi kwenye kompyuta mpakato inayotumia betri, nikatazama wigo wa mawimbi ukiwa umetulia, kisha nikamwambia kijana wangu awashe seva. Sakafu yote ya wigo, yaani kiwango cha kelele, ikapanda mbele ya macho yangu. Mashine niliyoinunua ili inisaidie kusikiliza ndiyo iliyokuwa ikinipigia kelele sikioni, kupitia pawasaplai yake na kebo zake.

Nikaihamishia stoo ya nyuma, nikasimamisha mlingoti upande wa pili wa ua, maana chini ya paa la bati antena haiambulii kitu, na nikavuta mita 20 za waya wa dishi. Waya huo ni wa omu 75 ilhali kipokezi kimetengenezewa 50, lakini hasara ya tofauti hiyo ni ndogo, na waya wenyewe hupoteza kama desibeli 1.5 tu kwenye megahezi 137. Kipokezi nilikitenga na mwili wa seva kwa kebo ya USB ya mita mbili, nikaizungushia pete za feraiti za kuzuia kelele za umeme, nilizozitoa kwenye kebo za skrini mbovu. Stesheni za FM za mjini nazo zilikuwa zikikilemea, nikaziba njia yao kwa kipande cha waya huohuo chenye sentimita 63, kilichounganishwa pembeni mwa njia ya antena na kuachwa wazi mwishoni. Antena yenyewe ni fimbo mbili za alumini za sentimita 53 kila moja, zilizolazwa kwa umbo la V la nyuzi 120. Fundi madishi aliyenisaidia kupanda aliitazama akasema, «Bosi, hii haitashika chaneli hata moja.»

Satelaiti za Marekani za NOAA 15, 18 na 19 nilizianza nikazimaliza, kwani zilistaafishwa kati ya Juni na Agosti 2025. Sasa nategemea Meteor ya Urusi, ambayo picha zake zina uwazi wa kama kilomita moja kwa nukta dhidi ya nne za NOAA. Picha ya kwanza safi ilionyesha Ziwa Tanganyika kama kovu refu jeusi na Ziwa Victoria likiwa nusu chini ya mawingu. Nasikiliza yanayotangazwa kwa wote tu. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 hairuhusu kunasa mazungumzo ya watu, nami sina hamu nayo.

Kwa ndege peke yake nisingemshauri mtu anunue seva, kwa sababu kompyuta ndogo ya Raspberry Pi hufanya kazi hiyo kwa wati chache mchana na usiku. Ya kwangu huwaka kama saa tatu kwa siku, ikiamshwa na saa yake ya ndani kabla ya satelaiti kuchomoza. Hata ikiwa imezimwa hunyonya wati 12, kwa hiyo jumla yake ni uniti kama 16 kwa mwezi, na nyumba imebaki chini ya 75. Kengele ya kuiamsha nimeitega dakika kumi mapema, kwa kuwa inapowaka hukagua RAM yake taratibu kana kwamba bado iko kazini.